Mabirika ya Yazd: Maji Yaliyowekwa Wakfu

Yazd ni mji wa kale katikati ya jangwa la Iran. Mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 100. Hata hivyo, watu wameishi humo kwa karne nyingi, kwa kuwa walijua kuyatafuta maji na kuyahifadhi.

Maji yaliletwa na kanati, yaani mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi kutoka kwenye miinuko. Kanati ya Zarch pekee ina urefu wa zaidi ya kilomita 70. Majira ya baridi, wakati mashamba hayakuhitaji maji mengi, kila mtaa ulijaza birika lake usiku na kuyaweka maji hayo akiba hadi kiangazi.

Birika hilo, ambalo Waajemi huliita ab anbar, lilichimbwa ardhini na kuezekwa kwa kuba la matofali. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa, majivu, mchanga, udongo, ute wa mayai na manyoya ya mbuzi, mchanganyiko usiopitisha maji. Pembeni ilisimama minara ya kunasa upepo, ambao ulipita juu ya maji na kuyaacha baridi. Birika moja mjini humo, la zama za wafalme wa Qajar, lina minara sita.

Mchotaji alishuka ngazi ndefu zenye kivuli mpaka kwenye bomba la shaba lililotokeza ukutani. Bomba liliwekwa juu kidogo ya sakafu ya birika ili tope libaki chini, na hakuna aliyegusa maji ya ndani. Faida yake ilikuwa kubwa: kusini mwa Iran, huko Larestan, watu waliingia majini kuchota, na mnyoo wa Guinea uliwatesa hadi karne ya 20.

Mabirika mengi yalikuwa wakfu. Tajiri alijenga, akatenga shamba au duka ambalo pato lake lililipia usafi na matengenezo. Kwa Mashia, kumnywesha mwenye kiu ni kumkumbuka Imam Husein, aliyeuawa Karbala mwaka 680 akiwa amenyimwa maji. Kwa hiyo maskini na tajiri walichota kwenye bomba moja.

Maji ya bomba ya karne ya 20 yaliyaacha mabirika hayo bila kazi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Yazd katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo inastahili, lakini somo kubwa zaidi ni lile la wakfu: maji hudumu pale jamii inapokubali kuyagharamia kwa ajili ya wote.