Mungu Tunayemkiri na Miungu Tunayoikataa: Fundisho kutoka Nchi ya Katavi

Mkoa wetu una jina la mzimu. Wenyeji wa zamani wa nchi hii, hasa Wabende, husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemekana kukaa katika mti wa mkwaju karibu na ziwa liitwalo pia Katavi. Mkewe, Wamwelu, naye hutajwa katika masimulizi hayo. Tangu zamani watu wamepeleka sadaka chini ya mkwaju huo wakiomba baraka, na hata leo wapo wanaofanya hivyo. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 ilipewa jina hilo. Mwaka 2012 mkoa mpya ulipomegwa kutoka Rukwa, jina likaingia katika barua za serikali na katika vyeti. Kijana wa Mpanda anayefundishwa kipaimara ili amkiri Mungu mmoja anaandikiwa cheti chenye neno Katavi juu yake.

Jambo hili linatusaidia kulikabili swali ambalo vijana wetu wanarudi nalo kutoka vyuoni. Huko wanakutana na watu wasioamini kuwa Mungu yupo, nao huwaambia hivi: "Wewe Mkristo unamkataa Katabi. Unaikataa miungu ya Wahindu na ya Wayunani wa kale. Mimi nafanya kama wewe, ila nimeongeza mmoja. Jiulize kwa nini unaikataa hiyo mingine, utaelewa kwa nini namkataa wa kwako."

Hoja hii haifai kujibiwa kwa hasira, wala kwa kumwambia kijana aache kuuliza. Tunaijibu kwa kuitazama historia, kwa maana historia inaonyesha kwamba watu huikataa miungu kwa sababu zisizofanana, na sababu hizo hazina uzito mmoja.

Wakristo walipoitwa wasioamini

Shtaka la kutoamini Mungu liliwahi kuwekwa juu ya Wakristo wenyewe. Katika karne ya pili, mjini Smirna, Askofu Polikarpo aliuawa mbele ya umati uliopiga kelele kwamba watu wasioamini miungu waondolewe. Waliokusudiwa ni Wakristo, kwa kuwa hawakutoa sadaka kwa miungu ya mji. Karne hiyo hiyo, huko Roma, Yustino Shahidi aliandika utetezi wake akikubali sehemu ya shtaka: kuhusu miungu ile, ni kweli Wakristo hawaamini, kuhusu Mungu wa kweli, Baba wa haki, shtaka ni la uongo.

Kwa hiyo hoja ya vyuoni si ngeni. Baba zetu katika imani walijua kwamba kumkiri mmoja ni kukana wengi. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hilo pia, maana shahada yao huanza kwa kukana miungu yote ndipo imkiri Mungu mmoja. Yoshua naye alipowakusanya Israeli huko Shekemu aliwataka wachague, na kuchagua kulikuwa na maana ya kuondoa miungu ya ng'ambo ya Mto (Yoshua 24). Tukiulizwa kama tunakataa miungu, tunakiri kwamba tunakataa. Linalobaki ni kueleza kwa nini.

Karema: kilichokataliwa na kilichobaki

Turudi kwetu. Mwaka 1879 Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kilijenga ngome huko Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, nayo ikawa kituo cha misheni. Mwaka 1889 akafika hapo Adrien Atiman, kijana kutoka nchi ya mto Niger, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao na kusomeshwa utabibu huko Malta. Alihudumu Karema kama tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956.

Sisi Walutheri tulikuja nchi hii baadaye, na historia hiyo si ya misheni yetu. Lakini ina mafundisho mawili kwa kila anayemkiri Kristo hapa.

La kwanza, Kardinali Lavigerie aliagiza mafundisho ya ubatizo yachukue miaka minne. Alijua kwamba mtu haachi miungu ya baba zake kwa siku moja. Kukataa mizimu lilikuwa jambo la kupimwa na kuishiwa, si neno la kutamkwa tu mbele ya altare.

La pili, wamisionari walimkataa Katabi, lakini hawakumkataa Muumba aliyejulikana na watu wa nchi hii kabla yao. Wafipa na jamii nyingine za kando ya ziwa walikuwa na jina Leza kwa ajili ya Mungu aliye juu. Hawakumchanganya na mizimu ya milima, miti na maziwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Walutheri wa Leipzig huko Kilimanjaro: jina Ruwa, ambalo Wachaga walimwitia Mungu, halikutupwa, bali liliingia katika sala za kanisa. Hata neno letu Mungu halikuletwa na meli. Lilikuwa kinywani mwa watu kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Paulo alifanya vivyo hivyo Athene: aliona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akaanzia hapo (Matendo 17).

Hapa ndipo hesabu ya "nimeongeza mmoja" inapokosa nguvu. Tukibishana juu ya Katabi, tunabishana juu ya roho mojawapo ndani ya ulimwengu, kama ipo na kama ina uwezo. Tukibishana juu ya Muumba, tunauliza kama ulimwengu wenyewe una mwenyewe. Maswali haya hayawekwi katika safu moja ya hesabu.

Tufikirie kesi ya ardhi, ambayo watu wa mkoa huu wanaijua vizuri. Watu watano wanadai shamba moja. Mzee mmoja wa baraza anawakataa wanne kwa sababu ameridhika na ushahidi wa yule wa tano. Mzee mwingine anawakataa wote watano na kusema shamba halina mwenyewe. Wote wawili wamewakataa wale wanne, lakini hawajatoa hukumu ya namna moja, na wa pili hawezi kudai kwamba amefanya tu kazi ya mwenzake akaongeza hatua moja.

Hata hivyo, huyo mzee wa pili ana haki ya kudai jambo moja: ushahidi wa wa tano upimwe kwa kipimo kile kile walichopimiwa wale wanne. Dai hilo ni la haki, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha juu ya kipimo (Mathayo 7:2). Imani yetu hailikimbii. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure, kisha akawataja mashahidi ambao wengi wao walikuwa bado hai (1 Wakorintho 15). Mtu anayeandika hivyo anakubali kuulizwa.

Sababu tatu za kukataa

Basi, watu huikataa miungu ya wengine kwa sababu gani? Tunaona tatu.

Ya kwanza ni uaminifu. Aliyefunga ndoa hawakatai wengine baada ya kuwachunguza mmoja mmoja. Amekwisha kujitoa kwa mmoja. Ndivyo Israeli walivyofungwa na agano. Sababu hii ni njema, ila peke yake haimjibu mtu aliye nje ya agano.

Ya pili ni ushahidi. Hii ndiyo anayoitaja zaidi asiyeamini, na mwamini naye anaihitaji.

Ya tatu husemwa mara chache: tunakataa kwa sababu mungu huyo ni wa wengine. Warumi wengi waliwakataa Wakristo kwa sababu hiyo tu. Sababu hii huchanganyika pia na nguvu za dunia. Karema imani mpya ilikaa ndani ya kuta za ngome, na miongoni mwa waliofundishwa mwanzoni walikuwamo watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Mtoto kama huyo alikuwa amekwisha kunyang'anywa kaburi la babu yake na mizimu ya kwao kabla hajasikia jina la Yesu. Hatuwezi kusema kwamba aliwaza, akalinganisha, akachagua. Aliyezaliwa Mpanda katika nyumba ya Kikristo hakuchagua alipozaliwa, wala aliyezaliwa Zanzibar, wala aliyelelewa katika mji wa Ulaya ambako watu wengi hawaendi kanisani. Mahali imani ilipotoka hapaamui kama ni kweli au uongo, lakini panatufundisha unyenyekevu, sisi na wasioamini pia.

Je, Katabi amekataliwa kweli?

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther anaeleza amri ya kwanza kwa kuuliza mungu ni nini, na kufundisha kwamba mungu wako ni kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukikimbilia. Kwa kipimo hicho, kumkataa Katabi kwa mdomo ni rahisi. Lakini yupo anayeshiriki Meza ya Bwana Jumapili, na mtoto akiugua anapelekwa usiku kwa mganga ili atajwe jirani aliyemloga. Vikongwe wameuawa katika nchi yetu kwa kutajwa namna hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu watu waliahidiwa utajiri. Mungu anayedai damu ya mtu ili mwingine apate mali anaabudiwa katikati yetu, hata kama hana mti wala madhabahu. Mpanda ilikua kwa madini, na reli iliyofika mwaka 1950 ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Utafutaji wa mali si dhambi, lakini moyo ukitegemea mali, hapo pana mungu.

Kipimo hiki kinamhusu asiyeamini pia. Anaweza kuwa ameifuta miungu yote kwenye orodha yake na bado moyo wake ukategemea kitu kimoja asichokubali kiulizwe.

Kumkataa mungu, kumpenda mtu

Gideoni alipoibomoa madhabahu ya Baali, watu wa mji walitaka auawe. Baba yake Yoashi akawajibu kwamba kama Baali ni mungu, na ajitetee mwenyewe (Waamuzi 6). Neno hilo linamhusu kila mwenye dini. Mungu wa kweli hahitaji tumchomee jirani nyumba, wala kumdharau bibi anayepita mkwajuni. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na hata wa kubadili imani yake.

Mkoa huu una mfano mzuri. Wakimbizi kutoka Burundi walipopewa makazi Katumba na baadaye Mishamo katika miaka ya 1970, shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilishiriki kazi ya kuyajenga makazi hayo. Wengi wa waliohudumiwa hawakuwa Walutheri. Kiu haina dhehebu.

Basi tuwafundishe vijana wetu mambo matatu. Wajue ni nani wanayemkiri na kwa ushahidi gani. Wajipime kwanza wenyewe kama mioyo yao imewaacha kweli wale wanaosema wamewakataa. Na wamsikilize asiyeamini mpaka amalize, kwa sababu tunamtaka naye atusikilize hivyo hivyo tunapomweleza habari za Kristo.