Sentimita Thelathini

Mtaro wa zege ulipochimbwa mtaani kwetu Ifakara, kibaraza cha duka la mjomba kilibaki na upana wa sentimita 110. Nilikipima mwenyewe kwa futi yake ya kushonea. Benchi lake la mninga, ambalo wazee wamelikalia tangu sijaanza shule, lina upana wa sentimita 50. Likikaa, zinabaki 60, na usukani wa baiskeli unataka karibu zote. Huu ni mji wa baiskeli. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma yake na gunia la mchele nyuma alikwama hapo, gunia likaishia mtaroni. Mjomba alimlipa mchele wake, lakini majirani wakasema benchi liondoke.

Nikatumwa kutafuta jembamba, kwa sababu eti mimi ndiye niliyesoma.

Nilikwenda kwanza kwa mafundi seremala. Wakanionyesha benchi la kukunja, lenye bawaba, la kuning'inizwa ukutani. Mjomba akaligusa, akalikunja, akalikunjua. "Mpwa wangu, hiki ni kiti cha mtu anayetaka wageni waondoke."

Jibu nililipata kwa kukumbuka Unguja. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kuliko kibaraza chetu na mtaro wake, na bado watu wamekaa humo karne kwa karne. Waliokijenga kiti hicho hawakuweka miguu wala mgongo: waliunganisha jiwe na chokaa na ukuta wenyewe, nyumba ikawa ndiyo mgongo. Mwenye nyumba humpokea mgeni pale bila kumwingiza ndani, kahawa huuzwa pale, bao huchezwa pale, na masika maji yakijaa njiani watu hupita juu yake. Lamu wana daka, kibaraza chenye viti vya namna hiyo mbele ya mlango. Miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001, nami naamini viti hivyo vimechangia kuliko milango ya nakshi inayopigwa picha kila siku.

Tena kiti hicho kimelipa taifa neno. Pahali pa kukaa pakawa watu wanaokaa, kisha mkutano wao. Wakoloni waliita baraza mikutano yao ya hadhara. Sisi tukapata Baraza la Mawaziri, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Mabaraza ya Kata yanayosuluhisha ugomvi wa mipaka. Ugomvi wa benchi letu ungeweza kufika huko, jambo ambalo lilimchekesha mjomba kwa siku mbili.

Ifakara hatuna jiwe la matumbawe. Tuna tofali la kuchoma, na mafuriko ya Mto Lumemo yametufundisha kuinua misingi. Kwa hiyo fundi alijenga tofali ukutani, urefu wa kwenda juu sentimita 42, kina 30 tu, juu akasakafia saruji. Sentimita 30 ni chache kwa kulala lakini zinatosha kwa mzee aliyeegemea ukuta. Kwa wapita njia zilibaki 80.

Siku ya kwanza hakuna aliyekaa. Wazee walisimama wakilitazama, mmoja akasema saruji ina baridi ya kaburi. Mjomba hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na mbao za lile benchi la mninga alizokuwa ameshazipasua usiku, akaniambia nishike ncha moja. Tulizipigilia juu ya saruji. Zilikuwa ndefu mno kwa upande wa mlango, ikabidi tuzikate, na kile kipande kilichobaki amekifanya kigoda chake cha kukalia kwenye cherehani.