Unaitaka MIT na hela huna? Soma hapa kwanza

Wadau, wengi wenye ndoto ya kusomea uhandisi au kompyuta Marekani wanakata tamaa wakiona ada. Subirini kidogo, vyuo havifanani.

1. MIT, Harvard, Yale na Princeton: wakati wa kuchagua hawaangalii mfuko wako, hata kama wewe ni mgeni. Ukipita, wanajazia pale uwezo wa familia unapoishia.

2. Stanford na Caltech: wanasaidia pia, ila kwa mgeni kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi ya kuchaguliwa. Hata hivyo usifiche shida yako. Stanford, usipoomba mwanzoni, kwa kawaida huombi tena miaka yote minne.

3. Mtihani: MIT walirudisha sharti la SAT au ACT mwaka 2022, Caltech 2024. Anza kujiandaa mapema.

4. Fomu: MIT ni dola 75. Huna? Omba usamehewe, utaratibu upo.

5. Matapeli: MIT haitoi skolashipu ya ufaulu, msaada wake ni wa mahitaji tu. Anayekuuzia "skolashipu ya MIT", mkimbie!

Nafasi za wageni ni chache, kwa hiyo usitegemee chuo kimoja. Mwenye nyongeza atupie hapo chini.