Mpaka Unapimwa Jirani Akiwepo

Vijana wenzetu, leo tuongee historia ya ardhi hapa Rwanda, maana na sisi wakimbizi inatugusa.

Baada ya 1994 kesi za mashamba zilikuwa nyingi. Watu walirudi wakakuta wengine wanaishi kwao. Sheria ya ardhi ya 2005 ikasema kila shamba liandikishwe. Lakini wapima ardhi waliosomea walikuwa wachache, na kupima kila shamba kwa mashine ni pesa nyingi.

Wakafanyaje? Walichukua vijana wa hukohuko vijijini, wakawafundisha, wakawapa picha zilizopigwa kutoka angani. Mwenye shamba alitembea mpakani pamoja na majirani. Wakikubaliana, kijana anachora mstari kwenye picha. Wasipokubaliana, inaandikwa kwamba kuna ubishi. Mke wa ndoa halali naye aliandikwa. Kufika 2013, zaidi ya viwanja milioni 10 vilikuwa vimeshachorwa.

Wataalamu nao wana hoja: mstari wa kalamu hauna uhakika kama wa mashine. Ndiyo maana leo ukigawa kiwanja Kigali unaita mpima mwenye leseni. Tunakubali. Ila hata yeye anahitaji jirani wa kumwonyesha mpaka.

Wengi wetu tuliacha mashamba Kivu bila karatasi yoyote. Basi tuwaulize wazazi wangali hai: shamba letu linapakana na nani, mto upi, mti upi? Tuandike. Siku ya kupima ikifika, mashine haitajua majina ya majirani zetu.