Programu za kufuatilia waliotangamana na wagonjwa wa korona: zilifanya nini, na data zetu zina ulinzi gani?

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kuelekea Arusha kupitia Namanga hupita Bisil, mji wa soko la mifugo katika kaunti ya Kajiado. Mwaka 2020 barabara hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotazamwa sana nchini, kwani shehena haikusimama hata pale watu walipozuiwa kusafiri. Madereva wetu wa Pwani walikuwa humo.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi 2020. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta alizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi, Kwale na eneo la Nairobi, ambalo lilihesabiwa pamoja na Kitengela. Tarehe 16 Mei akafunga mpaka wa Tanzania, isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva sharti apimwe.

Kufuatilia kwa mkono na kwa simu

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mgonjwa huulizwa alikuwa na nani, wapi na lini; wahudumu wa afya huwatafuta watu hao, huwaeleza wajitenge na huwaangalia hadi siku za hatari zipite. Udhaifu wake ni kumbukumbu. Hakuna ajuaye majina ya abiria aliopanda nao matatu, wala ya wote aliosukumana nao mnadani Bisil.

Ndipo simu ikaletwa isaidie. Singapore ilizindua TraceTogether Machi 2020. Programu hiyo ilitumia bluetooth: simu mbili zikikaribiana, kila moja huweka alama ya nyenzake. Apple na Google nazo zikatoa mfumo ambao alama hizo hubaki ndani ya simu ya mwenyewe, na nchi kadhaa za Ulaya zikaufuata.

Njia hiyo hudai simu janja, iliyowashwa, mkononi mwa watu wengi. Mchungaji mwenye mulika mwizi haonekani kabisa.

Zilizotumika kwetu

Kenya ilishika njia nyingine. mSafari, iliyobuniwa na vijana wa FabLab Winam huko Kisumu, ililenga magari ya abiria: msafiri anasajili namba yake ya simu pamoja na gari alilopanda, ili mmoja akiugua wenzake wapatikane.

Jitenge, ya Wizara ya Afya, ilikuwa ya kujiripoti. Aliyewekwa karantini au kutibiwa nyumbani, na hata dereva wa masafa marefu, alitakiwa kutuma hali yake ya afya kila siku.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikaleta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia shehena na madereva, ili cheti cha kipimo kilichotolewa nchi moja kitambulike nchi nyingine. Kwa dereva hili lilikuwa na faida kubwa, maana foleni za mpakani zilimlaza njiani siku kadhaa. Lakini pia matokeo yake ya afya, namba yake na njia aliyopita viliwekwa pamoja katika mfumo unaovuka mipaka.

Hofu ilitoka wapi

Tusisahau Mji wa Kale, Mombasa, uliofungwa Mei 2020. Wengi walisita kupimwa kwa kuogopa karantini, gharama zake na kunyooshewa vidole. Mtu anayeogopa kipimo hatasajili jina lake kwenye simu. Programu haiwezi kuziba pengo la imani.

Na hofu hiyo si ya Pwani pekee. Norway ilisimamisha programu yake Juni 2020 baada ya mamlaka ya data kuikosoa. Januari 2021 Singapore ilikiri kwamba polisi wangeweza kupata data za TraceTogether kwa uchunguzi wa jinai, ilhali wananchi walikuwa wameahidiwa ni za korona tu.

Haki zako

Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya:

- kuelezwa taarifa zako zitatumika kwa kazi gani;
- kuziona;
- kupinga zisitumiwe;
- kutaka zirekebishwe, au zifutwe zikiwa za uongo au za kupotosha.

Pia inasema data zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Lakini Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, miezi minane baada ya mgonjwa wa kwanza. Sheria ilikuwepo, ila mlinzi wake alikuwa hajaingia ofisini.

Maradhi mengine yatakuja, na dereva ataambiwa tena aandike namba yake. Kabla hajaiandika, ana haki ya kuuliza mambo matatu: nani ataiona, itafutwa lini, na akidhulumiwa ashtaki wapi. Majibu hayo yatolewe kwa Kiswahili, pale pale kizuizini, si katika karatasi ya Kiingereza ofisini Nairobi.