Angraecum sesquipedale

Angraecum sesquipedale ni spishi ya okidi inayopatikana kiasili nchini Madagaska pekee, katika misitu ya mvua ya upande wa mashariki. Hukua juu ya miti na mara nyingine juu ya miamba. Si kimelea: hutumia mti kama mahali pa kushikilia tu, na mizizi yake minene hufyonza maji ya mvua.

Ua

Ua lake ni jeupe lenye umbo la nyota, nalo hunukia sana usiku. Nyuma yake huning'inia mrija mwembamba wa kijani wenye urefu wa sm 30 hivi. Mbochi, yaani majimaji matamu ya ua, hukaa chini kabisa ya mrija huo.

Uchavushaji

Mwaka 1862 mwanabiolojia Mwingereza Charles Darwin aliandika kwamba lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi mrefu wa kutosha kufikia mbochi hiyo. Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Darwin alifariki mwaka 1882. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903 akaitwa Xanthopan morganii praedicta. Neno la mwisho ni la Kilatini, maana yake "aliyetabiriwa".

Nondo anapofyonza, chavua hunata mwilini mwake, naye huipeleka kwenye ua lingine. Kwa hiyo kuhifadhi okidi hii hakutoshi bila kumhifadhi nondo huyo pamoja na msitu wenyewe.