Mhubiri Aliyeunda Meli

Jibondo, kisiwa cha mawe na matumbawe katika visiwa vya Mafia, jirani na Juani, hakisifiki kwa mashamba wala kwa maji matamu. Kinasifika kwa mafundi wake wa majahazi. Pwani ya hapo fundi hulaza mkuku, akaunga mataruma na mbao, akatia kalafati, ndipo watu wakusanyike kukishua chombo. Watu wa kazi hiyo wangeielewa upesi shida iliyomkuta mhubiri Mbaptisti George Grenfell kando ya mto Kongo: chombo kipo, mafundi wamekufa.

Grenfell alizaliwa mwaka 1849 huko Cornwall, Uingereza, akakulia Birmingham, alikofanya kazi kwa wauza vyuma na mashine kabla ya kuingia chuo cha Wabaptisti cha Bristol. Alifika Kamerun mwaka 1875, kisha akahamia Kongo. Tajiri wa Leeds, Robert Arthington, alitoa fedha za meli ya mvuke, ikaundwa kando ya mto Thames na kuitwa Peace.

Lakini Kongo ya chini ina maporomoko yasiyopitika. Peace ikafunguliwa vipande, ikawa mizigo ipatayo 800, na wapagazi wakaibeba kwa mamia ya kilomita hadi Stanley Pool, ilipo Kinshasa leo. Sifa za safari ile ni zao kwanza. Mafundi mitambo waliotumwa kutoka Uingereza waliuawa na maradhi, mmoja baada ya mwingine. Grenfell hakungoja wengine; akashika nyundo mwenyewe, yeye na wasaidizi wake Waafrika, wakaunga bamba kwa bamba. Juni 1884 meli ikashuliwa.

Kwa meli hiyo aliupanda mto mpaka maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya sasa, akaingia pia Ubangi na kuchora ramani zilizompatia medali ya dhahabu ya Chama cha Kifalme cha Jiografia mwaka 1887. Huko juu alikuta vijiji vilivyochomwa moto na misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa mzaliwa wa Zanzibar. Hapa Mswahili wa pwani hawezi kusoma habari hizi kama mgeni. Kiswahili kilifika Kisangani pamoja na misafara ile, na mashamba ya minazi ya Mafia nayo yalilimwa na watumwa.

Miongoni mwa watoto waliotekwa na watu wa Tippu Tip alikuwamo Disasi Makulo, kijana wa vijiji vya karibu na Basoko. Mpelelezi Henry Stanley alimkomboa mwaka 1883, akamkabidhi kwa msaidizi wake Anthony Swinburne, na kutoka kwa Swinburne akafika kwa Grenfell. Disasi alikulia ndani ya misheni, akasafiri mtoni na mlezi wake, akajifunza kusoma na kuhubiri. Mwaka 1902 alirudi kwao na kuanzisha misheni ya Yalemba, akihubiri kwa lugha aliyozaliwa nayo. Ukiuliza huduma ya Grenfell ilizaa nini, jibu lenye uzito kuliko ramani zote ni mtu huyu.

Kuna upande mchungu pia. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo kama mali yake alimpa Grenfell nishani, na mwaka 1896 akamweka katika tume ya kuwalinda wenyeji. Tume haikuwa na meno. Huku watu wakikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira, Grenfell aliendelea kumwamini mfalme miaka mingi mno, akidhani uovu ni wa maofisa wachache. Mtu aliyeujua mto ule kona kwa kona alipaswa kusema mapema. Alipokubali ukweli hatimaye, alijitoa katika tume. Alifariki kwa homa huko Basoko tarehe 1 Julai 1906, si mbali na Yalemba.

Disasi aliishi hadi mwaka 1941. Habari za maisha yake, tangu siku ya kutekwa, alizisimulia mwenyewe zikaandikwa, na kitabu kikatoka Kinshasa mwaka 1983. Humo Tippu Tip, Stanley na Grenfell wanaonekana kwa macho ya mtoto waliyempokezana.